Ubao wa Upande wa Abiria

Jina la Fundi Maneno halikutoka kwa wazazi wake. Alipewa na wateja, naye alilipokea kama mtu anavyopokea kofia inayomtosha. Mkono wake katika useremala ulikuwa mzuri, lakini mdomo ndio uliomletea kazi. Mtu aliyekuja kutengenezewa mguu wa kiti aliondoka na kiti chake na vichekesho viwili vya kwenda kuwasimulia wa nyumbani, na wiki iliyofuata alirudi na meza. Mke wake alizoea kusema kwamba siku mume wake akinyamaza, majirani watakuja kuuliza nani mgonjwa.

Kazi ya lori ililetwa na Mama Saruji, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale njia panda. Lori lilikuwa la marehemu baba yake, la zamani, lenye pua ndefu na taa za duara, la wakati ule ambapo waliotengeneza magari waliona haya kumkalisha dereva katikati ya mabati matupu. Ndani ya kabini walitia mbao: ubao mpana wa dashibodi, mwingine uliopinda juu ya kioo cha mbele, na mbao mbili ndefu, moja kila mlango, pale dereva na abiria wanapoegemeza kiwiko. Sasa zote zilikuwa zimekwisha. Lori lilikaa miaka nyuma ya ghala, mchwa wakaingia bila hodi, na ubao uliobaki ukiugusa ulimomonyoka kama mkate mkavu.

"Injini imefufuka, rangi imepakwa," Mama Saruji alisema. "Sasa nataka ndani pawe kama baba alivyopaacha. Sitaki plastiki. Wala sitaki mbao mpya zinazong'aa kama jeneza la tajiri."

"Mbao kuukuu za namna hii nitazitoa wapi, mama? Labda ning'oe kitanda changu, nimwambie mke wangu tumehamia sakafuni."

"Lipo lori kama hili hili, limelala nyuma ya nyumba moja kule chini, karibu na kiwanda cha mafuta. Liligonga. Wenyewe wamekubali nichukue za ndani. Nenda na vifaa vyako, sema nimekutuma mimi."

Hakueleza zaidi, maana hakudhani kuna mtu mjini asiyejua habari ya ajali ile. Lakini mwaka wa ajali Fundi alikuwa mbali, akipiga dari za shule katika mji mwingine, na aliporudi watu walikuwa wamekwisha kuizungumza mpaka imewachosha.

Aliyefungua mlango alikuwa mwanamke mwenye mikono yenye povu la sabuni. "Pita uani," alisema. "Yuko mtu atakuonyesha."

Uani, kwenye kigoda, alikaa mtu wa makamo aliyevaa kofia ya sufu na koti kuukuu la mvua. Mguu wake mmoja ulinyooka mbele yake kama kitu alichopewa akishike. Mbele yake palikuwa na jiwe na kopo la misumari iliyopinda, naye alikuwa akiinyoosha kwa nyundo, mmoja mmoja. Fundi alitazama koti, akatazama kofia, akaamua kwamba huyu ni mlinzi.

Wakasalimiana. "Gari ndilo lile," yule mtu alisema. "Toa unachotaka."

Upande wa dereva lori lilikuwa karibu zima. Upande wa abiria ulikuwa umebonyea mpaka kiti kikasogea kwenye gia. Fundi aliingia upande wa dereva, akatia tone la mafuta ya taa kwenye kila skrubu yenye kutu, akangoja yapenye. Na kungoja kimya ni jambo ambalo hakuwa amejifunza.

"Mzee wangu," aliita kupitia dirisha lisilo na kioo, "huyu dereva alikuwa anaendesha au anaota?"

Nyundo iligonga msumari.

"Maana mimi ninasoma ajali kama daktari anavyosoma picha ya kifua. Tazama usukani huu, umenyooka kama mtu anakwenda kwa wakwe. Mtu aliye macho angekata kona japo kidogo. Huyu aliliacha gari lijiendee, kama mbuzi aliyeona majani mabichi kando ya njia. Huyu alilala."

Nyundo ikatulia.

"Alilala," yule mtu akasema.

Fundi alifurahi, kama anavyofurahi mpiga ngoma akiona mtu wa kwanza ametikisa bega. Akakaa sawasawa kwenye kiti cha dereva, akashika usukani, akalegeza kope, akaacha kichwa kidondoke kidogo kidogo, akakoroma kwa sauti ya msumeno butu. Kisha akashtuka, akaigiza sauti nyembamba ya utingo: "Bosi, bosi, ule mti unatusalimia."

"Hakupiga kelele," yule mtu akasema. "Naye alikuwa amelala."

"Basi hilo halikuwa lori, mzee wangu, kilikuwa chumba cha kulala." Fundi akacheka mwenyewe mpaka akakohoa.

Yule mtu akaweka nyundo ndani ya kopo, akainuka kwa kujishika ukutani, akazunguka nyumba akiukokota mguu wake. Fundi alidhani amekwenda msalani. Hakurudi.

Mbao tatu zilitoka vizuri. Ule wa mlango wa dereva ulikuwa na bonde laini, mahali ambapo kiwiko cha mtu kimelala miaka mingi. Ule wa upande wa abiria ulikuwa umebanwa na bati lililojikunja, na ufa ulikuwa umepita katikati yake. Aliuvuta, ukalia, akauvuta tena, akaona utamvunjikia mkononi. Akauacha, akafunga mzigo wake, akaaga mlangoni bila kuitikiwa.

Jioni ile alipeleka mbao dukani kwa Mama Saruji azione. Walikuwepo wapagazi waliokuwa wakipumzika juu ya mifuko ya saruji, mwashi mmoja na wateja wawili watatu. Fundi alitandika mbao juu ya meza ya duka, na kwa kuwa macho yote yalikuwa kwake, akasimulia. Alikamata usukani wa hewa. Alikoroma. Aliusalimia ule mti. Na alipofika kwa mlinzi, akaona hadithi inahitaji mtu wa pili wa kucheka, basi akamfanya mlinzi acheke. Akasema mlinzi alicheka akajishika mbavu, kopo likapinduka, misumari ikamwagika uani, akawa anaiokota huku machozi yanamtoka.

Wapagazi walicheka wakagonganisha viganja. Mama Saruji alikuwa akimpimia mteja waya; akauacha.

"Nani alikuambia alilala?"

"Si huyo mlinzi wao? Mwenye mguu mbovu."

"Hawana mlinzi, Fundi."

"Yule mwenye kofia ya..."

"Huyo ndiye dereva," Mama Saruji alisema. "Na utingo alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Alifia humo humo garini."

Mpagazi mmoja akakumbuka mfuko uliokuwa wa kusogezwa, akaenda kuusogeza. Mikono ya Fundi bado ilikuwa hewani imeshika usukani usiokuwepo, asijue aiweke wapi.

"Miaka miwili tumeambiwa breki zilikatika," Mama Saruji akaongeza, polepole, kama mtu anayejisomea. "Mjane wa yule mdogo ameambiwa breki. Mama yao mzazi ameingia kaburini anajua ni breki."

Fundi akawatazama waliokuwa wakicheka, akaona kila mmoja amesikia vizuri.

"Jamani," alisema, "haya yabaki hapa hapa."

Lakini alipokuwa akilitamka neno hilo alijua lilivyo. Yeye mwenyewe, tangu azaliwe, hajapata kusikia jambo tamu likabaki alipolisikia.

Nyumbani alimsimulia mke wake nusu ya habari, ile nusu ya uani, alipokuwa hajui anasema na nani. Mke wake alikuwa akikunja nguo. Alikunja shati, akalilaza, akakunja jingine.

"Sawa, kule uani ulikuwa hujui," alisema. "Na kule dukani, habari yake imeshanifikia, ulikuwa hujui nini?"

Fundi alivua viatu vyake, akavipanga.

"Kesho nenda. Usiende na maneno mengi."

Kesho hakwenda. Alisema vanishi ya zamani lazima itoke kwanza, na ni kweli ilikuwa lazima itoke. Aliikwangua kwa kipande cha kioo, taratibu, ikatoka kama maganda membamba ya kitunguu, na chini yake rangi ya mbao ikajitokeza, nyekundu iliyozama. Siku iliyofuata akasema msasa. Kisha akasema ule ubao uliopinda umejinyoosha kwa kukosa kazi, hauwezi kungoja. Akauzungushia matambara mabichi, akauning'iniza juu ya pipa la maji yanayochemka mpaka mvuke ukaulainisha, akaurudisha katika umbo lake kwa vibanio, akauacha ukauke. Ilikuwa kazi safi. Mtu angepita angesema huyu fundi ana bidii. Hakuna aliyejua kwamba kila alipoinama juu ya benchi alikuwa anajificha.

Usiku haikuwa ile sauti ya utingo aliyoiigiza iliyomrudia. Kilichomrudia ni lile neno moja, alilala, jinsi yule mtu alivyolisema bila kuinua kichwa, na jinsi yeye alivyolipokea kwa kukoroma. Akilikumbuka alijigeuza upande wa ukuta, kana kwamba ukuta haukuwa na habari.

Ubao mmoja ulikosekana, ule wa upande wa abiria. Fundi aliamua kuuchonga mpya. Alitafuta kipande cha mninga kutoka kwenye kitanda kilichovunjika, akakipiga randa, akakiviringa ukingo, akakipaka maji ya chai ya rangi yaliyolazwa na kutu ya misumari ili kukizeesha. Kwa mbali vilifanana. Ukivilaza pamoja, ule wa dereva ulionekana kama mzee amekaa na mtu aliyejipaka mvi.

Mama Saruji alikuja karakana bila kutoa habari. Alipitisha kidole juu ya dashibodi, akaridhika. Akaushika ubao uliopinda, akaridhika. Akafika kwa ule wa nne.

"Huu umeutoa wapi?"

"Nimeuchonga, mama. Ule wenyewe ulikuwa umepasuka sana."

"Umepasuka, au wewe umeogopa kurudi?"

Fundi aliokota kipande cha msasa, akakikunja, akakikunjua.

"Nilitaka za zamani," alisema Mama Saruji. "Lakini sikuja kwa ajili ya ubao. Yule mjane ameondoka. Tangu msiba alikuwa akikaa na watoto wake kwa shemeji yake, nyumba moja, sufuria moja. Juzi amefunga mizigo, amekwenda kwa kaka yake nyuma ya shule. Unajua amesemaje? Amesema kulala angeweza kumsamehe, usingizi humkamata hata mfalme. Na uongo wa breki pengine angeumeza. Lakini shemeji yake kukaa uani na fundi, akacheka kifo cha mumewe mpaka kopo likapinduka na misumari ikamwagika, hilo limemshinda."

Fundi alikaa juu ya benchi. Misumari haikumwagika. Kopo halikupinduka. Misumari ile aliimwaga yeye, dukani, mbele ya wapagazi, kwa sababu aliona inapendeza.

"Hakucheka," alisema.

"Unasemaje?"

"Yule bwana hakucheka hata kidogo. Hilo nililitia mimi."

Mama Saruji alimtazama muda mrefu. Angalitukana, ingalikuwa nafuu. Alisema tu, "Mimi unaniambia wa nini?" Akashika mkoba wake, akaenda zake.

Asubuhi Fundi alibeba mtaimbo mfupi na begi la vifaa, akashuka mpaka karibu na kiwanda cha mafuta. Njiani alipanga maneno: ataanza na ulimi hauna mfupa, atapitia kuteleza si kuanguka, atamalizia na kuomba radhi. Alipiga hodi mara tatu. Mwanamke yule yule, ambaye sasa Fundi alijua ni mke wa dereva, alifungua, safari hii mikono yake ilikuwa mikavu, naye alikuwa ameikunja kifuani.

"Umesahau nini?"

"Shikamoo, mama. Nimekuja kumwona baba."

Hakuiitikia shikamoo. Alisogea kidogo tu, kiasi cha mtu kupita ubavu ubavu.

Dereva alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma. Nyumba ilikuwa na ule ukimya wa mahali walipoondoka watoto. Kamba ya nguo uani ilikuwa na shuka mbili na nafasi nyingi.

"Kaka," Fundi alianza, "waliosema ulimi hauna mfupa..."

"Umekuja kuchukua ule ubao uliobaki."

"Huo pia. Lakini kwanza nimekuja... Mimi siku ile sikujua, kaka. Haki ya Mungu ningejua..."

"Ungejua ungesemaje?"

Fundi alitafuta. "Ningenyamaza."

"Basi nyamaza kidogo."

Fundi akanyamaza. Alikwenda kwenye lori, upande uliobonyea, akatia mtaimbo chini ya bati, akasukuma. Bati liliinuka likarudi. Mkono mmoja ulihitajika kwenye mtaimbo, mwingine kwenye ubao, na wa tatu wa kuukinga ufa usiendelee, na yeye alikuwa na miwili. Alijaribu kwa goti. Alijaribu kwa bega. Jasho likamwingia machoni.

Akasikia mguu unakokotwa mchangani. Dereva alifika akasimama hatua moja kutoka mlango wa abiria, akabaki hapo kama mtu anayesubiri mto upungue. Kisha akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya bati lililokunjamana, akakiacha hapo. Baadaye akashika mtaimbo.

"Sema ukiwa tayari," alisema.

"Tayari."

Dereva alisukuma kwa uzito wake wote. Bati lilitoa mlio, likaachia, na ubao ukatoka mikononi mwa Fundi, umepasuka urefu wake wote lakini haujatengana. Wote wawili walihema. Dereva hakuondoka pale mlangoni.

"Siku ile nilikujibu kwa sababu hunijui," alisema. "Miaka miwili neno lile lilikuwa limenikwama. Nikaona mgeni, ana kelele zake, kesho hayupo. Nikasema acha nilitoe nisikie linavyokaa mdomoni. Nilikuwa najifunza. Nilitaka kumwambia shemeji yangu mwenyewe, nimekaa chini mbele yake, watoto wake wakiwa wamelala. Nilikuwa nimebakiza kidogo tu." Alifuta kiganja chake kwenye koti. "Ukanitangulia."

Zile methali alizozipanga njiani zilikuwa zimemkimbia Fundi, na hata zingekuwepo hakuona ya kuiweka hapo. Jambo alilomnyang'anya mtu huyu halikuwa siri. Lilikuwa ni nafasi ya kulisema neno lile mwenyewe.

"Na hii habari ya kucheka," dereva akaendelea, "ulinisikia nikicheka?"

"Hapana."

"Hata mimi sikujisikia. Nimekaa usiku nikijiuliza, labda nilicheka nikasahau."

"Hukucheka, kaka. Niliongeza."

Dereva alitikisa kichwa taratibu, si kwa kukubali wala kukataa. "Basi usiniambie mimi. Mimi nilikuwepo."

Fundi alikwenda nyuma ya shule siku hiyo hiyo, ubao ukiwa kwapani, maana aliona akipita nyumbani kuuweka hatatoka tena. Mjane alikuwa barazani kwa kaka yake, kwenye cherehani, akishona kola za sare. Alikuwa mdogo kuliko Fundi alivyomdhania. Aliacha kukanyaga cherehani aliposikia huyu ni nani, lakini hakumkaribisha kiti.

"Dada, nimekuja kukwambia kwamba shemeji yako hakucheka. Misumari haikumwagika. Mimi nilizusha."

"Kwa nini?"

"Ili wacheke."

Alimtazama kama mtu anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya, anayetaka kujua kimeharibika mpaka wapi.

"Watu wamenisimulia kila mmoja kivyake," alisema. "Kila mmoja na mkono wake wa chumvi. Nataka wewe mwenyewe. Ulivyofanya mbele ya wale wapagazi, nifanyie na mimi."

"Dada, nakuomba..."

"Wapagazi wameona, mimi mke wake nisione?"

Palikuwa na kiti cha mbao pembeni. Fundi aliweka ubao chini, akakaa. Akainua mikono, akashika usukani wa hewa. Akalegeza kope. Akaacha kichwa kidondoke. Hapo alikwama.

"Endelea."

Akakoroma. Ilitoka sauti ndogo, mbaya, kama ya mtu anayekabwa. Mtoto mmoja alichungulia dirishani, akaona mtu mzima anakoroma macho wazi mbele ya mama yake, akarudi ndani. Fundi aliendelea mpaka mwisho. Alifanya na sauti nyembamba ya utingo, bosi, bosi, na alipofika kwenye mti sauti ilimkatika, akaumalizia kwa kunong'ona.

"Ndipo yeye akafanya nini?"

"Alikuwa amekaa na nyundo yake. Akasema: hakupiga kelele. Naye alikuwa amelala."

Mjane alikuwa ameshika kola ya sare kwa vidole viwili. Aliiweka mezani.

"Nani alikuwa amelala?"

"Mdogo wake. Mumeo, dada."

"Alisema hivyo? Kwa maneno hayo?"

"Kwa maneno hayo. Mimi hapo sikuongeza kitu."

Nje watoto wa shule walikuwa wakitoka, kelele zao zikapita ukutani zikaisha.

"Kwa hiyo hakuuona," alisema, lakini hakuwa akisema na Fundi. Fundi alielewa kwamba miaka miwili yote mwanamke huyu, akilala, alikuwa akimtazama mumewe anautazama ule mti ukija. Alitaka kusema kitu. Kwa bahati hakupata.

Mjane akarudisha mguu kwenye cherehani. "Ondoka, fundi," alisema. "Nina sare za watu."

Ule ubao ulimchukua muda kuliko zile tatu zote. Aliusafisha ufa kwa ncha ya kisu, akatia gundi kwa sindano ya bomba mpaka ikatokea upande wa pili, akaubana. Nyuma yake alichimba vishimo vyenye umbo la kipepeo, akapachika vipande vya mninga vya kuushika usifunguke tena. Angeweza kuuficha ufa kwa unga wa mbao na rangi, ungepotea. Aliujaza kiasi cha kuzuia maji tu, akaacha mstari wake uonekane. Vanishi alipaka kwa kitambaa, nyembamba, akingoja ikauke kabla ya kurudia. Mke wake alimletea chai karakana akamkuta anafanya kazi bila redio. Aliweka kikombe, akamgusa bega, akatoka.

Kuzifunga mbao kwenye lori nako kulikuwa na mambo yake. Malori mawili ya aina moja hayawi pacha. Mlango wa lori la Mama Saruji ulikuwa umelegea kwa umri, ikabidi kila ubao upunguzwe kwa tupa huku ukipimwa mahali pake, uingie utolewe, uingie utolewe. Nyuma ya kila mmoja alibandika vipande vya blanketi ili usilie barabarani. Skrubu alizosafisha mwenyewe alizirudisha, vichwa vyote vikitazama upande mmoja.

Mama Saruji alipanda, akakaa kwenye kiti cha baba yake. Alipapasa dashibodi. Kisha akasema, "Panda na wewe. Tulizungushe, tusikie kama kuna kinacholia."

Kiti kilichobaki kilikuwa kimoja. Fundi alipanda upande wa abiria, akafunga mlango, akaweka mikono mapajani.

Waliteremka njia ya kiwanda. Lori lilikwenda kwa heshima, injini ikiguna kama mzee aliyeamshwa mapema.

"Mjane alikwenda kwa shemeji yake Jumapili," Mama Saruji alisema, macho barabarani. "Wamekaa uani mpaka jua likazama. Hakuna anayejua wamesemezana nini."

"Amerudi kukaa?"

"Hajarudi. Lakini watoto wanapita pale wakitoka shule, wanakula, ndipo wanakwenda kwa mjomba wao." Alibadilisha gia. "Mbona umejikunja hivyo? Weka kiwiko, tusikie kama ubao unacheza."

Fundi aliinua mkono, akauweka. Ubao ulikuwa imara, haukulia. Chini ya ngozi yake aliusikia mstari wa ufa.

Mbele yao, kando ya njia, mke wa dereva alikuwa akitembea na ndoo ya nguo. Mama Saruji alipunguza mwendo, akampigia honi ya salamu. Mwanamke akageuka, akasimama. Alimwitikia Mama Saruji kwa mkono. Kisha macho yake yakahamia dirisha la upande huu, yakatua kwenye ubao, yakaupima mwanzo mpaka mwisho, kama mtu aliyekutana na nguo ya marehemu imevaliwa na mgeni.

"Shikamoo, mama," Fundi alisema.

Safari hii aliitikia, kwa sauti ndogo, bila kumtazama usoni. Akahamishia ndoo mkono wa pili, akaendelea na njia yake. Lori likampita taratibu, na Fundi hakuthubutu kuutoa mkono wake pale mpaka walipokata kona.